Utamu wa Kuongezwa

Wahenga walinena kwamba kweli iliyo uchungu si uwongo ulio mtamu. Kwa kauli hiyo waliujenga ukuta: uchungu wakauweka upande wa kweli, utamu wakauweka upande wa uwongo, na mwenye busara akatakiwa achague. Lakini je, hapana utamu wa namna ya tatu, ambao si kweli yenyewe wala si uwongo? Yaani utamu ulioongezwa juu ya kweli, kama sukari juu ya chai, na chai isiache kuwa chai? Swali hili washairi wanalijua tangu kale, maana hapana aongezaye utamu juu ya maneno kuliko wao. Na limerudi kwa mlango usiotazamiwa: mlango wa vitaa vya kioo viwakavyo ndani ya chombo cha muziki, katika nyumba ya mtu wa kipato kidogo, mbali na bahari.

Nyumba hiyo na iwekwe Tukuyu, mji mkuu wa wilaya ya Rungwe, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg walipoufanya boma lao. Juu yake umesimama Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 3,000. Chini yake ni migomba, mashamba ya chai na mabonde ya kijani yateremkayo kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa. Mvua ya huko hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ni katika mvua nyingi kuliko zote zinyeshazo Tanzania. Nyumba nyingi zimeezekwa bati. Mvua ikishuka juu ya bati, hapana mwimbaji asikikaye, awe Siti binti Saad au awe kwaya ya jirani. Kwa hiyo Tukuyu muziki husikilizwa baina ya mvua na mvua, na labda ndiyo sababu husikilizwa kwa makini. Watu wa Rungwe si wageni wa sauti nzuri: wamisionari wa Moravian walifika huko mwaka 1891, na mapokeo yao ya kupiga matarumbeta ya shaba yakaota mizizi pembeni mwa ngoma za Wanyakyusa zilizokuwapo kabla yao.

Sasa na adhaniwe mtu mmoja wa mji huo. Si mtu fulani, bali mfano tu. Ni mwalimu mstaafu. Ujanani alifundisha miaka michache pwani, akarudi kwao na mapenzi ya taarabu yasiyomtoka. Anacho chombo chake cha muziki: amplifaya ya transista ya zamani kidogo, spika mbili za mtumba, deki ya kanda, na simu ambayo wajukuu wamemjazia nyimbo. Chombo hicho hakina kosa. Lakini mwalimu huyo anaikumbuka redio ya baba yake, iliyokuwa na valvu: jinsi ilivyokawia kuamka, jinsi jicho lake la kijani lilivyofumba na kufumbua lilipotafuta stesheni, na jinsi sauti ilivyotoka nzito na laini, kana kwamba imepashwa moto. Anataka kuirudisha sauti ile, au kipande chake, na fedha anayo kidogo.

Ni vema kwanza kifahamike kile akitafutacho, maana maadili ya jambo hayapimiki kabla ya jambo lenyewe kujulikana. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna uzi upashwao moto hadi ukawa mwekundu, na kwa joto lile umeme huruka kupitia utupu hadi kwenye bamba. John Ambrose Fleming, Mwingereza, alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904. Lee de Forest wa Marekani aliongeza wavu mwembamba katikati miaka miwili baadaye, na wavu huo ndio uliofanya sauti ndogo iweze kuiamuru sauti kubwa. Kwa miaka mingi redio nyingi, simu za mbali na vikuza sauti vilitegemea chupa hizo. Kisha, Desemba 1947, wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani walitengeneza transista, isiyohitaji moto wala kioo, nayo ikashinda kwa wepesi, kwa urahisi wa bei na kwa maisha marefu. Valvu hazikufa. Hadi leo zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, kwa ajili ya wapiga gitaa na kwa watu wa mfano wa mwalimu huyo.

Nini basi wakisikiacho watu hao? Fundi mwenye vipimo hujibu bila haya: wanasikia kosa. Sauti iingiapo katika valvu haitoki kama ilivyoingia. Ikiingia noti ya mitetemo 220 kwa sekunde, hutoka noti ile pamoja na kivuli chembamba cha mitetemo 440. Kivuli hicho ni noti ileile, ila imepanda daraja. Ndivyo isikikavyo pale mtoto aimbapo wimbo mmoja na babaye, sauti mbili na wimbo mmoja. Sikio halikioni kivuli hicho kuwa mgeni. Hukipokea kama unono. Na sauti ikizidi nguvu, valvu hukunja kilele chake taratibu, ilhali transista iliyozidiwa hukikata ghafla kama kwa panga, na mkato huo huzaa vivuli vya namna nyingine, vikali, visivyopatana na noti iliyovizaa. Basi mwalimu wa Tukuyu anataka kununua kosa. Kosa tamu, lakini kosa.

Njia zilizo mbele yake ni mbili. Ya kwanza ni amplifaya kamili ya valvu. Hiyo ina transfoma nzito za kuunganisha valvu na spika, na transfoma hizo, zikiwa njema, ndizo zilazo fedha. Tena ndani yake mna umeme wa volti 300 na zaidi, ambao hubaki katika kapasita hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, nao umewahi kuwaadhibu mafundi wengi wasio na subira. Njia ya pili ni kijisanduku kidogo chenye valvu mbili, kiwekwacho kati ya simu au deki na amplifaya ileile ya transista. Transista huendelea kufanya kazi ya nguvu, na valvu hutia ladha tu. Vijisanduku vya namna hiyo, aghalabu vyenye valvu ya Kichina iitwayo 6J1, hupatikana kwa bei isiyofika dola 50 za Marekani. Kwa mtu wa pensheni hiyo si fedha ya kuokota njiani, lakini si ndoto.

Hapa hekima ya bei ndogo ina neno la kusema, nalo si dogo. Aliye na fedha kidogo na aanze na spika, maana tofauti ya spika mbili ni kubwa kuliko tofauti ya valvu na transista. Spika ipazayo desibeli 93 kwa wati moja hutosheka na robo ya nguvu itakiwayo na spika ya desibeli 87 ili zisikike sawa. Kwa hiyo anayeota amplifaya ndogo ya valvu yenye wati 4 au 5 hana budi kwanza kutazama spika zake. Na kabla ya spika kuna mambo yasiyo na bei: kuziondoa pembeni mwa ukuta zinakonguruma, kuziinua zilingane na sikio la aliyekaa, kutandika mkeka juu ya sakafu ya saruji na kutundika kitambaa kizito kwenye ukuta mtupu. Mambo hayo hubadili sauti kuliko chupa za kioo. Mwalimu akiyafanya yote, na bado akaitamani sauti ya redio ya baba yake, hapo ndipo swali la maadili linapoanza, kwa kuwa hapo haja imekwisha na yamebaki mapenzi.

Shtaka la kwanza dhidi yake ni shtaka la uwongo. Mwenye kulitoa husema: mwimbaji aliimba hivi, kinasa sauti kikanasa hivi, na kazi ya chombo cha nyumbani ni kuifikisha amana. Mjumbe mwema haongezi neno. Akiongeza, hata kama neno lake ni tamu kuliko barua, amekwisha kuwa mjumbe mbaya. Shtaka hili lina uzito, na mtu wa pwani hawezi kulipuuza, maana amelelewa katika adabu ya kufikisha salamu kama zilivyotumwa.

Lakini shtaka hilo linadhani kwamba kuna barua isiyoguswa. Na itazamwe santuri ya Siti binti Saad. Mwaka 1928 Siti na wenziwe walisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni yenye chapa ya His Master's Voice. Wakati huo kurekodi kwa umeme kulikwisha kushika njia tangu mwaka 1925: sauti iliingia katika maikrofoni, ikawa mkondo dhaifu wa umeme, na mkondo huo ulikuzwa na valvu ndipo ukaweza kuisukuma sindano iliyochora nta. Maana yake ni kwamba ile iitwayo sauti ya asili ya Siti, ile ambayo wasikilizaji wa Unguja waliitambua na kuilipia, ilikwisha kupita katika chupa za kioo kabla haijafika sokoni. Alivyosikika hasa, pale alipokaa na wenziwe na ala zao, hapana chombo kinachojua. Wengi waliomsikia wamekwisha kufa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1950. Mjumbe wa kwanza aliongeza neno, na neno lile leo ni sehemu ya barua.

Hoja hii isipelekwe mbali kuliko inavyostahili. Kwamba mjumbe wa kwanza aliongeza hakumhalalishii wa pili kuongeza apendavyo. Kwa njia hiyo hata mzushi angepata hati. Jibu lililo imara zaidi liko kwenye ushairi wenyewe. Mtu ana huzuni. Huzuni yake haina vina wala mizani. Ni kigugumizi, ni kimya, ni machozi. Mshairi huichukua huzuni ile akaitia katika mizani minane kwa minane, akaifunga kwa kina cha kati na cha mwisho, na huenda akaokota neno moja la Kingozi, ambalo kwa wazee wa kale lilikuwa neno la kila siku na kwa msikilizaji wa leo ni harufu ya udi. Hapana anayemwita mwongo. Kwa nini? Kwa sababu hakumwambia mtu kwamba ndivyo mwenye huzuni alivyolia. Amesema: hili ni shairi. Nakshi imeitwa nakshi. Uwongo haumo katika kuongeza. Umo katika kuongeza na kuita kilichoongezwa kwa jina la asili.

Valvu zenyewe zina historia inayofanana na ya neno la Kingozi. Zamani hazikuwa nakshi, zilikuwa lazima. Mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka huko Lusaka, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, ilianza kuuzwa redio ya betri kwa ajili ya Waafrika wa kipato cha chini, kwa bei ya pauni 5. Watu waliiita redio ya sufuria kwa umbo lake la duara. Ilikuwa ya valvu, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuifanyia. Mnunuzi wake hakununua ulaini wa sauti. Alinunua habari, salamu na nyimbo, kijijini ambako zamani hazikufika. Mwalimu wa Tukuyu leo anazo habari, salamu na nyimbo katika mfuko wa shati lake. Kile kilichokuwa chombo cha kufikisha kimekuwa chombo cha kukumbuka. Hilo si aibu, lakini halina budi kukiriwa: anayenunua valvu leo hanunui sauti iliyo kweli zaidi, ananunua sauti aipendayo zaidi. Akisema hivyo, shtaka la uwongo linaanguka.

Basi uwongo wa kweli katika biashara hii uko wapi? Upo mahali pawili, na mapo yote mawili hayahusu mitetemo.

Mahali pa kwanza ni mwanga. Valvu nyingi ndogo hung'aa kidogo tu, mwekundu hafifu uonekanao gizani. Watengenezaji wa baadhi ya vijisanduku vya bei rahisi wanalijua hilo, nao huweka chini ya kila valvu kijitaa kidogo cha rangi ya machungwa, ili chupa ionekane inawaka kama kaa la moto. Viko vijisanduku ambavyo valvu yake hupewa umeme mdogo mno kiasi kwamba haifanyi kazi ipasavyo. Imesimama pale kama mgeni rasmi asiyehutubia. Mnunuzi huona moto, hudhani anasikia joto. Huu si utamu ulioongezwa. Ni jina la utamu limeongezwa, na utamu wenyewe haupo. Tofauti yake na shairi ni ile iliyopo kati ya kanzu iliyodariziwa na kanzu iliyochorwa darizi kwa wino: ya pili hungoja mvua tu ijulikane, na Tukuyu mvua haikawii.

Mahali pa pili ni pagumu zaidi, kwa sababu mwenye kudanganya hapo si mfanyabiashara, bali ni mpenzi wa muziki mwenyewe. Nyumba haina mtu mmoja. Kuna mke ambaye mikono yake imechuma chai ileile iliyonunua mabati; kuna mjukuu adaiwaye sare na madaftari; kuna dawa za shinikizo la damu zisizosubiri mwisho wa mwezi. Kijisanduku kikifika, huulizwa bei. Na hapo, mara nyingi kuliko inavyokiriwa, ulimi wa mwenye kupenda huteleza: bei hupunguzwa nusu, au kifaa husemwa kimetolewa bure na rafiki. Ni jambo la ajabu. Mtu huyohuyo awezaye kubishana usiku kucha kwamba chombo chake kinaifikisha sauti ya mwimbaji kwa uaminifu, ameshindwa kuifikisha tarakimu moja kwa mkewe. Uaminifu aliodai kutoka kwenye shaba na kioo hakuudai kutoka kwenye ulimi wake.

Hapo ndipo mizani ya jambo hili ilipo. Wapo watakaosema kwamba kwa mtu wa kipato kidogo kila shilingi ya uzuri ni israfu, na kwamba masikini ana haki ya mkate kabla ya haki ya nakshi. Kauli hiyo huvaa nguo ya uchaji, lakini ndani yake mna dharau. Humwona masikini kuwa tumbo tu. Wanawake wa pwani waliodarizi kofia kwa mwanga wa kibatari, mafundi waliochonga milango ya nyumba ambazo hawakulala ndani yake, na wapiga matarumbeta wa Rungwe waliorudi shambani Jumatatu asubuhi, wote wangeshangaa kuambiwa kwamba uzuri ni wa waliokwisha shiba. Israfu haipimwi kwa kitu, hupimwa kwa haki iliyorukwa. Pale ambapo dawa imenunuliwa na madaftari yamenunuliwa, na bei imetajwa kama ilivyo na wenye nyumba wakaridhia, kijisanduku cha valvu mbili si israfu hata kama jirani anacheka. Na pale ambapo dawa imeahirishwa, ni israfu hata kama kimepatikana kwa nusu bei.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameweka katika kitabu chake cha Ihya mlango mzima juu ya kusikiliza na yale yanayoupata moyo wa msikilizaji. Maana ya maneno yake ni kwamba siri za moyo zimefichika kama moto ulivyofichika ndani ya chuma na jiwe, na kusikiliza ndiko kunakougonga moyo hadi cheche itoke. Wimbo hauweki ndani ya moyo kisichokuwamo; hukitoa kilichomo. Kwa hiyo hukumu ya kusikiliza hufuata hali ya msikilizaji. Fundi wa leo angeweza kuitafsiri hoja hiyo kwa lugha yake: kipimo cha mwisho hakiko kwenye waya, kiko kwenye kiti. Mwenye pupa akipewa amplifaya bora duniani husikia valvu, husikia spika, husikia bei, na mwimbaji hamsikii. Mwenye utulivu husikia mwimbaji hata kwenye redio ya mkulima iliyofungwa kwa mpira.

Na pengine hapa valvu ina msaada mdogo usiopimika kwa vipimo vya fundi. Ikiwashwa haiimbi papo hapo. Uzi wake hauna budi kupata moto, na kwa nusu dakika au zaidi chumba hubaki kimya. Simu haijui kimya hicho. Kwayo wimbo huanza kabla mtu hajakaa, na hukatwa kabla haujaisha. Katika nusu dakika ile mwalimu wa Tukuyu hana la kufanya ila kuvuta kiti na kungoja. Mtu mkali atasema kwamba adabu ya kungoja haihitaji kununuliwa, na atakuwa amesema kweli. Lakini wako wengi wasiokumbuka kunyamaza hadi wanyamazishwe.

Mvua imekatika juu ya bati. Migomba inadondosha matone, na kutoka upande wa mlimani ukungu unashuka. Mke ameketi upande mmoja akiwa na bakuli la njegere za kumenya, bei anaijua, na ameshasema neno lake kuihusu na litakaa kama lilivyosemwa. Valvu mbili zimeanza kupata wekundu, hafifu, pasipo kijitaa chini yake. Kisha sauti ya mwanamke wa Unguja inatokea, imetanguliwa na mkwaruzo wa santuri iliyonakiliwa kwenye kanda na kanda ikanakiliwa kwenye simu. Imeongezewa na kila mkono uliyoipokea, na bado ni yake. Wanasikiliza wote wawili. Mawingu yanajikusanya tena juu ya Rungwe, na wimbo una dakika tatu tu.